Mstari wa Kijani Jikoni kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliambiwa na daktari asiiname tena. Aliyapokea maneno hayo vizuri, akashukuru, akarudi nyumbani Mabanga, huko Bungoma, akainama kuwasha moto. Alikuwa akipikia mafiga matatu kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, na kwa mtu anayepikia mafiga hakuna kitu kilicho juu ya goti. Kuni ziko chini, sufuria iko chini, maji yako chini, na ugali husongwa huko huko chini.

Ilifika asubuhi mgongo ukamkatalia kabisa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, anaishi Eldoret. Alisikia habari hiyo akaamua kwamba mama atahamia kwake: chumba kipo, hospitali iko karibu, maji yako ndani ya nyumba. Ni mtoto mwema na aliyasema hayo kwa wema. Mama mkwe alijibu kwamba hahami. Ana ng'ombe, ana kuku, ana mahindi shambani, na mume wake amezikwa pale nyuma ya migomba. Alivitaja kwa mpangilio huo.

Walibishana kwenye simu mpaka wakafikia maafikiano. Shemeji angekuja mwenyewe baada ya mavuno. Akimkuta mama anapika akiwa amesimama wima, atamwacha kwake. Akimkuta ameinama juu ya mafiga, ataondoka naye siku hiyo hiyo.

Mke wangu alikata simu akaniangalia. Sisi tunakaa Kibomet, hapa Kitale, na kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari.

"Si wewe hupenda kurekebisha vitu?" aliniuliza. "Mtengenezee mama jiko la kusimama."

Nikakubali kabla sijafikiria mlango.

Mlango ndio uliokuwa na shida, na ni lazima niueleze. Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe hata nyumba ikiwaka moto, ingawa hilo la moto bado hatujalijaribu. Usidhani ni uhasama. Ni heshima, tena nzito. Kwetu mambo ni tofauti: wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati ya nchi, na kwetu mama mkwe hukushika mkono wote mpaka kwenye kiwiko na kukuuliza mbona umekonda. Wengi huko Bungoma wameacha mambo haya siku hizi. Mama mkwe wangu ni kiongozi wa akina mama kanisani kwake na ameacha mengi ya zamani, lakini hili hakuliacha. Nimekuwa mkwe wake miaka mingi, na ninachokifahamu zaidi kwake ni sauti.

Mwanzoni alizungumza nami kupitia kuku. Mimi nikiwa nimeketi veranda, yeye angekuwa ndani akisema kwa nguvu, "Nyinyi kuku, huyo mgeni wa Kitale amepewa chai?" Kuku hawakujibu, kwa hiyo nilijibu mimi. Simu za mkononi zilipofika kila nyumba, alikaa nazo muda akaamua kwamba simu haina uso. Tangu hapo hunipigia. Hunipigia nikiwa Kitale, na hunipigia nikiwa nje ya dirisha lake.

Basi nilikuwa nimeahidi kujenga kaunta katika chumba nisichoruhusiwa kuingia. Nilipendekeza mama aende kwa jirani nusu siku ili niingie nipime. Mke wangu alipeleka ombi hilo, akarudi na jibu kwa njia ya swali: mwanamume akishaingia jikoni, hutoka lini? Yaani, hata akiondoka kwa miguu, bado atakuwa aliingia.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria leza.

*

Kama hujawahi kuiona, usijali, haina ugumu wowote. Ni kisanduku kidogo kinachotoshea kiganjani. Unakiweka mahali, unakiwasha, nacho kinachora mstari wa mwanga ukutani. Ndani yake kuna kidude kinachoning'inia kama timazi la fundi, na kidude hicho hutafuta usawa chenyewe, hata kama umeweka kisanduku kikiwa kimeinama kidogo. Ukikiinamisha sana, mstari huanza kupepesa ili kukuambia kwamba umezidisha. Pima maji ya kawaida, ile yenye kiputo, ni lazima uishike ukutani kwa mkono. Leza inaweza kukaa mlangoni na mstari wake ukaenda mpaka ukuta wa mbali. Nadhani unaona ni kwa nini kifaa hicho kilimfaa mkwe.

Niseme ukweli pia: fundi mzuri angeifanya kazi hiyo yote kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ambao maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, kama kazi hizo zilivyofanywa tangu zamani, wala asinihitaji. Lakini mke wangu hakusema nitafute fundi. Alisema nimtengenezee mama.

Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kilimo mjini Kitale, kati ya misimu, wakati watu hawanunui mbegu na wenye maduka wana nafasi ya kuzungumza. Muuzaji aliniwekea tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa pima maji ya kawaida iliyopachikwa taa nyekundu kichwani. Ya pili ilikuwa kisanduku cha mistari miwili ya kijani, mmoja umelala na mwingine umesimama. Ya tatu ilikuwa kubwa, ndani ya sanduku kama la tarumbeta, na huzungusha mstari chumba kizima.

"Chukua hii kubwa," alisema. "Hii ni ya wanaume."

"Ni ya jikoni kwa mama mkwe."

Akaiondoa ile kubwa polepole.

Nikueleze nilivyochagua, huenda ukahitaji siku moja. Ile ya kwanza haijitafutii usawa. Kiputo kikikaa vibaya, nuru inakwenda vibaya vile vile, nawe utaiamini zaidi kwa sababu inawaka. Iache. Ile kubwa ni nzuri kwa anayeweka dari za nyumba nzima, lakini kwa ukuta mmoja ni kama kukodi lori kubeba debe la maharagwe. Ile ya katikati inatosha nyumba ya kawaida. Kuhusu rangi, macho yetu huona kijani vizuri zaidi mchana kuliko nyekundu, ingawa kijani hula betri haraka. Chagua kijani kama chumba kina dirisha kubwa. Na rangi yoyote iwe, usiitazame ile nuru inapotokea, wala usimwelekeze mtu machoni.

Kabla ya kulipa, ijaribu. Nilimwomba muuzaji ruhusa, naye akanipa, kwa sababu hakujua jaribio lenyewe ni refu kiasi gani. Unaiweka karibu na ukuta mmoja, unatia alama mstari unapogonga ukuta huo. Unaigeuza bila kuiinua, unatia alama ukuta wa pili. Halafu unaihamishia karibu na ule ukuta wa pili, unaipandisha au kuishusha mpaka mstari ukae juu ya alama ya pale, kisha unaigeuza kuutazama ukuta wa kwanza tena. Mstari ukirudi kwenye alama yako ya mwanzo, chukua. Ukikaa juu yake au chini yake, kifaa kinadanganya, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo uongo unavyokua.

Nilipokuwa nikipita na leza kati ya makopo ya rangi na marobota ya waya, mteja mmoja aliyekuja kununua misumari alimuuliza muuzaji, "Huyu ni wa serikali?"

"Hapana," muuzaji alisema. "Ni mkwe wa mtu."

Mstari ulirudi kwenye alama. Nikalipa.

Nyumbani Kibomet niliifanyia mazoezi sebuleni. Hilo nakushauri ulifanye, lakini ukiwa peke yako. Siku ya kwanza niligundua kwamba kalenda yetu imepinda. Siku ya pili niligundua rafu ya vyombo, pazia, swichi za taa na fremu ya mlango wa chumba cha kulala. Nilimwonyesha mke wangu kila kimoja. Nilimwonyesha kwa upole, kama ninavyomwonyesha mwanafunzi kwamba amesahau breki ya mkono.

"Hii nyumba ilikuwa sawa," alisema, "mpaka ulipoleta hiyo kitu."

"Haikuwa sawa. Hatukujua tu."

"Basi irudishe kwa boksi tusijue tena."

*

Chumba alichokubali mama mkwe kigeuzwe jiko kilikuwa stoo ya mahindi, chenye mlango mmoja wa kutokea veranda ya nyuma na dirisha moja upande wa mbali. Kaunta ingejengwa kando ya ukuta mmoja mrefu, kuanzia mlangoni mpaka dirishani: slabu ya zege juu ya kuta fupi za matofali. Karibu na mlango tungeweka jiko la gesi, ili mpira wake upite ukutani na mtungi ukae nje. Chini ya dirisha, penye mwanga, mama angekatia mboga na kuchambua maharagwe.

Fundi tuliyempata alitoka Kapsokwony, huko mlimani. Alikuwa mcheshi, na alipenda leza mara tu alipoiona. Tukapanga kazi hivi: yeye ndani, mimi veranda, leza kizingitini juu ya miguu yake mitatu, na mama mkwe katika chumba cha pili akisikiliza.

Urefu wa kaunta hutokana na kiwiko cha mpishi. Kunja mkono wako kama umebeba trei, shuka chini ya kiwiko kiasi cha upana wa kiganja, na hapo ndipo kaunta inapotakiwa kuwa. Mke wangu aliingia na tepu, akampima mama yake, akatoka na kipimo. Nami nikapiga magoti veranda, nikaingiza mkono mlangoni, nikapima kutoka sakafuni hapo hapo nyuma ya kizingiti. Mkono uliingia. Mimi sikuingia. Mke wangu alithibitisha jambo hilo kwa sauti ili lisikike chumba cha pili.

Nikapandisha leza mpaka kwenye alama. Mstari wa kijani ukakimbia ukutani kuanzia mlangoni mpaka dirishani, mwembamba kama uzi, na fundi akaufuata na penseli.

"Mwalimu," aliniita katikati ya kazi. Huniita hivyo kwa sababu ya wale wanafunzi wa magari. "Hii sakafu inakimbia, bana."

"Haidhuru," nilimwambia. "Leza haiangalii sakafu."

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kuhusu kile kidude kinachoning'inia na jinsi mstari unavyobaki sawa hata nyumba ikijengwa kwenye mteremko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ana adabu.

"Basi ni sawa," alisema. "Sisi kwetu hata ng'ombe analala akiwa amefunga breki. Hatuna shida na mteremko."

Akajenga matofali, akafunga mbao, akalaza nondo, akamwaga zege. Niliuona uso wa zege nikiwa mlangoni, na nitasema bila aibu kwamba ulikuwa mzuri. Ungeweza kuweka yai juu yake likakaa lilipo. Tukaliacha zege likauke, tukarudi Kitale. Mahindi yakavunwa. Shemeji akapiga simu akasema atakuja Jumamosi.

*

Tulirudi Mabanga siku chache kabla ya Jumamosi hiyo. Fundi aliondoa mbao, akafunga jiko la gesi karibu na mlango kama tulivyopanga. Mama mkwe akaingia jikoni kwake na mke wangu, mimi nikaketi veranda nikiwa nimeugeuzia mlango mgongo. Nilisikia maji yakimiminwa, nikasikia unga. Halafu simu yangu ikalia mfukoni.

"Mkwe, uko wapi?"

"Niko hapa nje, mama."

"Hii meza ni juu."

Nikafikiri. "Ni juu kiasi gani, mama?"

"Nasonga ugali nikiwa nimeinua mikono kama mtu anaombea taifa."

Nilisikia mke wangu akicheka nyuma yake, kisha akajizuia.

"Pole, mama. Hebu nenda upande wa dirisha, ujaribu kukata mboga ya sukuma."

Nilisikia hatua zake mara mbili, mara moja kwenye simu na mara moja nyuma ya mgongo wangu. Kisu kikagonga ubao kidogo, kikaacha.

"Huku ni chini," alisema. "Nainama."

"Haiwezi kuwa juu huko na chini hapa, mama. Kaunta iko sawa kabisa. Tulipima na leza."

"Sijasema haiko sawa. Nimesema ni chini."

Kisha akasema, kwa sauti ndogo zaidi, "Jumamosi ataniona hivi."

Hakuna maneno aliyowahi kuniambia, kwa simu wala kupitia kuku, yaliyonikaa kama hayo. Nilikuwa nimejenga kitu kilichonyooka kuliko vyote vilivyomo katika nyumba ile, na kwa sababu yake angehamishwa.

Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akinywa chai. Nilimuuliza kama slabu inaweza kushushwa upande mmoja. Alisema slabu inaweza kubomolewa, na kujengwa nyingine, na kukauka, lakini Jumamosi haiwezi kusogezwa.

Basi nikafanya ninachofanya mwanafunzi anapozima gari katikati ya mzunguko na magari yanapiga honi. Namwambia tuanze tena, taratibu, jambo moja moja. Nikaweka leza kizingitini kama mara ya kwanza, kwenye alama ile ile. Nilitaka mama atembee kando ya kaunta kutoka mlangoni mpaka dirishani, aniambie mstari unamgusa wapi mwilini kila anaposimama.

Hapo tukakwama. Mke wangu alisimama kati yetu na kuuliza, kwa niaba ya mama yake, kama mwanga unaotoka mkononi mwa mkwe na kumgusa mama mkwe ni mwanga tu au ni mkono.

Lilikuwa swali la haki. Nilisema kwamba kifaa hakiko mkononi mwangu, kiko juu ya miguu yake mwenyewe. Mama mkwe alisema kutoka ndani kwamba mimi ndiye niliyekinunua. Fundi alisema jua pia humgusa kila mtu na hakuna anayeliuliza ni mkwe wa nani. Mama mkwe alisema jua halikutoa mahari. Mwishowe yeye mwenyewe akapata njia: mke wangu ndiye atakayebonyeza kitufe. Mwanga ukiwashwa na binti, ni mwanga wa binti. Mimi nitageukia migomba, na yeye atajifunga leso juu ya gauni, upande wa chini, vifungo vya kifuani mpaka kiunoni vibaki vikionekana. Tena asiutazame mwanga wenyewe, nilisema, auangalie nguoni tu.

Mke wangu akabonyeza. Nikageukia migomba na simu sikioni.

"Niko mlangoni," mama alisema. "Umenigusa kifungo cha nne kutoka shingoni."

"Asante, mama. Sogea taratibu kuelekea dirishani. Usiharakishe. Unafanya vizuri."

"Bado cha nne. Bado." Nikasikia hatua nyingine. "Sasa umetoka kifungoni. Uko katikati."

"Endelea, mama."

"Niko dirishani. Ni cha tano."

Nilimwambia arudi mlangoni, akarudi. Cha nne. Akaenda tena dirishani. Cha tano. Mstari ulikuwa haujasogea. Aliyekuwa anapanda na kushuka ni mama mkwe. Kutoka mlangoni mpaka dirishani alikuwa akipanda kilima cha upana wa kiganja ndani ya chumba chake mwenyewe, na kwa kuwa kaunta haikupanda naye, kila alipokaribia dirisha ilizidi kuwa fupi.

"Mama," nilisema, "hii sakafu iliinamishwa?"

"Si mzee aliiinamisha! Ndiyo nikipiga deki maji yatoke yenyewe. Hujui hiyo?"

Sikujua. Katika nyumba nyingi za huko sakafu za vyumba vya nyuma humwagwa hivyo, na anayeingia chumbani huliona jambo hilo kwa miguu yake bila hata kufikiri. Mimi nilikuwa nimepima pale tu mkono wangu ulipofika, nyuma ya kizingiti, mahali pa chini kuliko pote. Fundi aliniambia sakafu inakimbia na mimi nikamfundisha kuhusu leza.

Kwa hiyo ukiipata leza yako, tafadhali, pima sakafu pia. Washa mstari, chukua tepu, pima kutoka kwenye mstari mpaka chini katika pembe zote za chumba. Vipimo vikitofautiana, mstari hauna kosa, lakini miguu ya mtu haisimami kwenye mstari. Amua kwanza mpishi atasimama wapi na atafanya nini akiwa hapo, ndipo upandishe mstari wako.

Swali hilo la pili, atafanya nini, ndilo lililotuokoa. Nilikuwa nimechukua urefu wa kukatia mboga nikautumia pia kwa jiko, bila kukumbuka kwamba sufuria hukaa juu ya jiko, na jiko juu ya kaunta, na ugali hauguswi kwa vidole, husongwa kwa uzito wa mabega. Anayesonga anataka sufuria iwe chini ya kiwiko chake. Nikamwomba mama abebe sufuria tupu na mwiko.

"Iweke dirishani, mama. Chini yake weka kitu cha urefu wa lile jiko."

Waligeuza debe dogo la mafuta. Nikasikia mwiko ukizunguka ndani ya sufuria isiyo na kitu.

"Songa kama kweli."

"Nasonga."

"Mgongo?"

Mwiko ukazunguka tena, mara hii kwa nguvu.

"Mgongo uko kwake," alisema.

"Sasa njoo na ubao wa mboga mlangoni."

Kisu kikaanza kugonga, kikaendelea, hakikuacha. Nilisikiliza mpaka nikaogopa atamaliza sukuma yote ya siku.

Vitu vyote viwili vilikuwa vimewekwa mahali pa mwenzake. Fundi alitoboa ukuta upande wa dirisha siku iliyofuata, akahamisha mtungi na mpira, akaziba tundu la mlangoni. Kaunta yenyewe hatukuigusa. Jambo moja tu lilibaki: kwa kuwa mama sasa angekata mboga karibu na mlango ulio wazi, mkwe hangeweza tena kukaa veranda ya nyuma. Kiti changu kilihamishiwa uani, kando ya ghala jipya la mahindi, na ndipo kilipo hadi leo.

*

Jumamosi shemeji alifika kabla ya saa sita na gari lake kubwa, viti vya nyuma vimelazwa, blanketi mbili zimekunjwa juu yake. Alinisalimia pale ghalani, akauliza habari za Kitale, akaingia ndani. Mke wangu alikuwa ameambiwa na mama yake asimsaidie hata kushika kifuniko.

Mimi sikuona lolote. Niliona ukuta wa nyuma wa nyumba na mtungi wa gesi. Nilisikia kisu, halafu maji, halafu ule mlio mzito wa mwiko unapopambana na unga ulioanza kukaza. Sauti ya shemeji ilisema, "Mama, leta nikusongee," na sauti ya mama ikasema, "Kaa chini, mgeni." Mwiko ukaendelea.

Shemeji ndiye aliyeniletea chakula changu ghalani, akiwa na sahani yake pia. Tukala. Ugali ulikuwa mgumu kama unavyotakiwa huko, wa kukatwa.

"Amesimama kutoka mwanzo mpaka mwisho," alisema.

"Ndiyo."

"Lakini ile meza imepinda, shemeji. Upande mmoja ni chini."

"Haijapinda. Sakafu ndiyo inayopanda."

Nikamweleza yote, kuhusu kidude kinachoning'inia, vifungo vya gauni na maji ya deki. Alinisikiliza, nami nikajua ni ndugu wa mke wangu kwa jinsi alivyoanza kutazama kando kabla sijafika katikati.

"Na ukisonga ugali pale dirishani," aliuliza, "mabega hayaumi?"

"Mwulize aliyesonga."

"Ni kwamba mke wangu hushusha sufuria sakafuni. Kila siku. Jiko letu ni la kisasa, lina kila kitu, lakini ugali anausongea sakafuni, ameinama." Akakata tonge jingine. "Mimi ndiye nilitaka mama aje apumzike huko."

Nilimwambia nitakuja Eldoret na leza, lakini kwanza amwombe mkewe asimame mahali pake pa kawaida, na asimweleze chochote.

Jua lilipoanza kuinama aliwasha gari. Mama mkwe alitoka kwa mlango wa mbele, kwa hiyo mimi nilibaki nyuma ya ghala, nikisikia tu. Alikuwa akiamrisha vitu vipakiwe: gunia la mahindi, malenge, sukuma iliyofungwa kwa kamba ya mgomba, jogoo. Shemeji alilalamika kwamba jogoo atachafua blanketi.

"Si ulizileta ukidhani ni za kunifunika," alisema mama yake. "Mfunike huyo."

Mlango wa nyuma wa gari ukafungwa.